Amri yakinishi katika Kihispania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vitenzi vya kawaida

Majibu haya yanahusu amri za kukubali, yaani "soma", "ngojeni", "tule", kwa vitenzi vya kawaida vinavyoishia na -ar, -er na -ir. Amri za kukataza zimeguswa pale tu zinapogongana na hizi.

Nianze na kitenzi au na mtu ninayemwambia?

Anza na mtu. Kiswahili kina "soma" na "someni", na maumbo hayo anaweza kuambiwa mtoto au mkubwa. Heshima huletwa na maneno ya pembeni, kama "tafadhali" au "naomba". Kihispania huibeba heshima ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo kabla hujakigusa kitenzi jibu mambo mawili. Unayemwambia ni mmoja au ni wengi? Na je, ni mtu wa kuitwa *tú* (rafiki, ndugu, mwenzako, mtoto) au *usted* (usiyemjua, mtu mzima, mteja, afisa)?

Maumbo yenyewe ni haya, kwa *hablar* (kuzungumza), *comer* (kula) na *escribir* (kuandika):

| Unamwambia nani | hablar | comer | escribir |
|---|---|---|---|
| tú (mmoja, wa karibu) | habla | come | escribe |
| usted (mmoja, wa heshima) | hable | coma | escriba |
| ustedes (wengi) | hablen | coman | escriban |
| vosotros (wengi, wa karibu) | hablad | comed | escribid |
| nosotros (sisi sote) | hablemos | comamos | escribamos |

Usilikariri jedwali hili kwa kushuka kutoka juu hadi chini. Msemaji hapiti safu nzima. Anachagua mstari mmoja na kubaki nao katika mazungumzo yote. Ni afadhali kuushika mstari wa *tú* na wa *usted* kwa vitenzi ishirini kuliko kuijua mistari yote mitano kwa vitenzi vitatu.

Umbo la tú linaundwaje?

Ondoa -r ya mwisho: *hablar* inakuwa *habla*, *comer* inakuwa *come*. Kwa vitenzi vya -ir badili pia i iliyobaki iwe e: *escribir* → *escribe*, *abrir* → *abre*, *subir* → *sube*.

Utagundua kwamba *habla* ni neno lile lile la "anazungumza". Sentensi na alama ndizo zinazotenganisha. *Ana habla* ni "Ana anazungumza". *Ana, habla* ni "Ana, zungumza". Mkato ule mdogo una kazi, usiuache.

Kosa linalotokea sana hapa ni kusema *hablas* au *comes*, kwa kuwa mwanafunzi amezoea kwamba *tú* huenda na -s. Katika amri yakinishi -s haipo. Hurudi kwenye ukanushi: *no hables*, *no comas*.

Kwa nini usted hubadili irabu ya mwisho?

*Usted* ni ufupisho wa *vuestra merced*, msemo wa zamani wa kumtaja mkubwa kwa cheo badala ya kumwita "wewe". Ndiyo maana hadi leo kitenzi chake ni cha nafsi ya tatu. Kumwamuru *usted* ni kama kusema "Mheshimiwa aketi": hutumii "keti", unatumia umbo tegemezi, lile la "aketi", "asome", "waje".

Hatua ni tatu:

1. Chukua nafsi ya kwanza ya wakati uliopo: *hablo*, *como*, *escribo*.
2. Ondoa -o: *habl-*, *com-*, *escrib-*.
3. Weka irabu ya upande wa pili. Vitenzi vya -ar hupewa e. Vya -er na -ir hupewa a. Unapata *hable*, *coma*, *escriba*.

Unaweza kuuliza kwa nini tupitie *hablo* wakati mzizi unaonekana tangu kwenye *hablar*. Kwa vitenzi vya kawaida ni mzunguko usio na faida. Faida yake utaiona ukifika kwa visivyo vya kawaida: *tener* ina *tengo*, na amri ya *usted* ni *tenga*, si "tena".

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji hapa. Mabadiliko ya a kuwa e tunayafanya kutwa nzima: "nunua" lakini "kinunue", "tununue", "nunueni". *Compra* na *compre* zinafuata mwendo uleule. Kazi iko kwenye -er na -ir, kwa sababu huko irabu inarudi kinyume: *come* ni ya rafiki, *coma* ni ya mkubwa. Sikio lililozoea kwamba e ndiyo ya adabu litakosea hapo, na kosa lenyewe si dogo, kwa kuwa *bebe* na *beba* (kutoka *beber*, kunywa) zote ni maneno sahihi. Hakuna atakayeona umekosea sarufi. Ataona umemchukulia kuwa mtu wa namna nyingine.

Na wengi?

Kwa *ustedes* ongeza -n kwenye umbo la *usted*: *hablen*, *coman*, *escriban*. Kwa vitenzi vya -ar ukikumbuka "semeni" huwezi kupotea, maana e na n zote zimo.

Kwa *vosotros* badili -r iwe -d, basi: *hablad*, *comed*, *escribid*. Hata vitenzi vigumu zaidi hutii kanuni hii.

Kuna haja ya kujifunza vosotros?

Inategemea unaongea na nani. Nchi za Amerika zinazotumia Kihispania hutumia *ustedes* kwa wengi wote, wa karibu na wa heshima, kwa hiyo huko huihitaji midomoni. Katika sehemu kubwa ya Uhispania *vosotros* ndiyo ya kila siku kwa marafiki, watoto na jamaa. Ukiwa huna uhakika, sema *ustedes*. Utaeleweka kote na hutamkosea mtu adabu.

Nimesikia watu wakisema "hablá" na "comé". Wanakosea?

Hawakosei. Hiyo ni *vos*, inayoshika nafasi ya *tú* Ajentina, Urugwai, Paragwai na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati. Kuiunda ni rahisi kuliko *tú*: ondoa -r na uweke alama ya mkazo kwenye irabu inayobaki. *Hablar* → *hablá*, *comer* → *comé*, *escribir* → *escribí*. I ya -ir haibadiliki kuwa e.

Nawezaje kusema "tule" au "twende kazi"?

Chukua umbo la *usted* uongeze -mos: *hablemos*, *comamos*, *escribamos*. Ni "tuzungumze", "tule", "tuandike". Mkazo huhamia silabi ya pili kutoka mwisho: co-MA-mos.

Katika mazungumzo ya kawaida watu hupenda zaidi *vamos a* pamoja na kitenzi kizima: *vamos a comer*, *vamos a trabajar*. *Comamos* si kosa, ila ina uzito kidogo, kama mtu anayetoa pendekezo rasmi.

Viwakilishi vya "ni-", "m-", "ki-" vinakaa wapi?

Mwishoni, vimeshikamana na kitenzi bila nafasi. Ni kinyume cha Kiswahili, kinachoviweka mbele. "Kinunue" ni *cómpralo*; "nisubiri" ni *espérame*; "ifungue" (dirisha, *la ventana*) ni *ábrela*. Uchaguzi wa *lo* au *la* hufuata jinsia ya nomino. Ukishazoea ngeli zako zote, mbili hizi hazitakushinda.

Kiswahili hubeba yambwa moja ndani ya kitenzi. Kihispania hubeba mbili, na mpangilio haubadiliki: mtu kwanza, kitu baadaye. *Cómpramelo* ni "ninunulie hicho", *me* ikiwa ni mimi na *lo* ikiwa ni kitu. Mtu wa tatu akiwa *le* au *les* na akafuatwa na *lo, la, los* au *las*, hugeuka *se*: *cómpraselo*, "mnunulie hicho". Hakuna *cómpralelo*.

Amri ikikanushwa viwakilishi vyote huhamia mbele na kusimama peke yao: *no lo compres*, *no me lo compres*. Hapo Kihispania kinakaribia "usikinunue".

Alama ya mkazo inatoka wapi? Mbona "compra" haina na "cómpralo" inayo?

Hili linastahili muda, kwa sababu masikio yetu ndiyo yanayotuponza.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo husogea nalo: SO-ma, so-ME-ni. Maneno ya Kihispania yanayoishia na irabu, n au s hufuata kanuni hiyohiyo yasipokuwa na alama: COM-pra, COM-pren, es-CRI-be. Hadi hapo tuko nyumbani.

Kisha kiwakilishi kinaongezwa. Kwa mazoea yetu tungesema com-PRA-lo. Kihispania kinakataa: mkazo unabaki pale ulipokuwa kabla ya kiwakilishi kuja, COM-pra-lo. Sasa umeangukia silabi ya tatu kutoka mwisho, na neno la namna hiyo lazima liandikwe na alama: *cómpralo*. Viwakilishi viwili huusogeza hadi ya nne, na alama inabaki palepale: *cómpramelo*.

Namna ya kuamua:

1. Sema amri bila kiwakilishi na usikie mkazo uko silabi gani.
2. Ongeza kiwakilishi bila kuusogeza mkazo.
3. Hesabu kutoka mwisho. Ukiwa kwenye silabi ya tatu au mbali zaidi, weka alama. Ukiwa kwenye ya pili na neno linaishia na irabu au s, usiweke.

Jaribu na *vosotros*. *Comprad* ina mkazo mwishoni. *Compradlo* ina mkazo silabi ya pili, hakuna alama. *Comprádmelo* umefika ya tatu, alama inaingia. Jaribu na *vos*: *comprá* ina alama, *compralo* haina, *comprámelo* inayo tena. Kwa hiyo *cómpralo* na *compralo* zote ni sahihi, moja ya *tú* na nyingine ya *vos*. Ukiacha alama kwa uvivu, umebadilisha unayezungumza naye.

"Nisaidieni" ni "ayúdemen"?

Ni *ayúdenme*. Kishawishi kinaeleweka, maana sisi huweka -ni ya wingi mwisho kabisa, baada ya kila kitu. Katika Kihispania -n ya *ustedes* ni mali ya kitenzi, na kiwakilishi kinakuja nyuma yake: *ayuden* + *me*. Vivyo hivyo *lávense*, *espérenlo*, *escríbanme*. Wapo hata wazawa wanaohamisha ile n au kuirudia, wakasema *ayúdemen* au *ayúdenmen*. Mwalimu na mhariri hukata zote mbili.

Na vitenzi vya kujitendea, kama levantarse?

Kiwakilishi lazima kifanane na mtu unayemwambia:

- tú: *levántate*
- usted: *levántese*
- ustedes: *levántense*
- vosotros: *levantaos*
- nosotros: *levantémonos*

Angalia mbili za mwisho. Kwa *vosotros* ile -d inadondoka mbele ya *os*: si "levantados", hilo ni neno jingine lenye maana ya "walioamka" au "walioinuliwa". Kitenzi cha -ir hapo hudai alama: *uníos*, *subíos*. Kwa *nosotros* inadondoka -s mbele ya *nos*: *levantemos* + *nos* = *levantémonos*. S moja hupotea pia mbele ya *se*: *comprémoselo*. Mbele ya *lo* haiguswi: *comprémoslo*.

Kuhusu viungo vya mwili, *lávate las manos* inatosha, kama "nawa mikono". Mwenye mikono anajulikana kutokana na *te*.

Kitenzi cha kawaida kinabadilisha herufi. Kimeacha kuwa cha kawaida?

Hapana. Sauti imebaki ileile. Mwandiko ndio umejirekebisha ili kuilinda. Ukiandika "busce" kutoka *buscar*, sauti ya k imepotea. Mabadiliko haya hutokea kwenye *usted*, *ustedes* na *nosotros*, ambako irabu imegeuka. *Tú*, *vos* na *vosotros* hayawagusi.

- -car → qu: *buscar*, *busca*, lakini *busque*
- -gar → gu: *pagar*, *paga*, lakini *pague*. Bila u, g mbele ya e ingesomeka kama kh ya "kheri".
- -zar → c: *cruzar*, *cruza*, lakini *cruce*
- -ger na -gir → j: *recoger*, *recoge*, lakini *recoja*
- -guir hupoteza u: *distinguir*, *distingue*, lakini *distinga*
- -guar → gü: *averiguar*, *averigua*, lakini *averigüe*

Vipo pia vitenzi vya -iar na -uar vinavyotia mkazo kwenye i au u: *enviar* → *envía, envíe, envíen*, *actuar* → *actúa, actúe*. *Cambiar* hafuati hilo: *cambia, cambie*. Kitenzi kinaenda upande gani huwezi kukisia kwa kukitazama. Tazama umbo lake la *yo* kwenye kamusi, *envío* au *cambio*.

Naomba mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Chukua *escribir* na barua, *la carta*.

"Andika barua", kwa rafiki: ondoa -r, i iwe e. *Escribe la carta.*

"Iandike": *carta* ni ya kike, kwa hiyo *la*. Mkazo uko kwenye *cri*. Ukiongeza *la* unakuwa wa tatu kutoka mwisho. *Escríbela.*

"Niandikie hiyo barua" kwa kifupi: mtu kwanza, kitu baadaye. *Escríbemela.*

Sasa mwambie mkurugenzi. *Escribo*, toa -o, weka a: *escriba*. "Mwandikie hiyo barua": *le* hugeuka *se*. *Escríbasela, por favor.*

"Niandikieni": *escriban* + *me*. *Escríbanme.*

"Tuiandike": *escribamos* + *la*, mkazo kwenye *ba*. *Escribámosla.*

Amri hizi si ukali? Ninaogopa kuonekana sina adabu.

*Hable más despacio, por favor* si ukali. *Mire*, *pase*, *espere* na *escuche* husikika siku nzima madukani, ofisini na njiani. Linalochukiza zaidi ni kuchanganya: *Pase, Ana, y espérame*, ambapo *pase* ni ya *usted* na *espérame* ni ya *tú*. Amua mara moja.

Ukitaka kulainisha, geuza liwe swali: *¿Puede abrir la ventana?* au, kwa rafiki, *¿Me abres la ventana?* Na ukitaka kulitaja *usted*, liweke baada ya kitenzi: *Espere usted aquí.*

Alama za mshangao si lazima. Ukizitumia ni mbili, ya kwanza imepinduliwa: *¡Corre!*

Mlangoni pameandikwa "Empujar". Mbona si "Empuje"?

Kitenzi kikiachwa kizima, bila kuamuru mtu maalumu, kinakubalika kwenye mabango, maelekezo ya vifaa na mapishi. *Empujar* ni "sukuma", *tirar* ni "vuta". *Empuje* na *tire* ni sahihi vilevile.

Kumwambia mtu uso kwa uso ni jambo jingine. Uhispania utasikia *¡Comer!* na *¡Lavaros!* kwa kundi la marafiki. Katika maandishi rasmi ziandike *comed* na *lavaos*. Ila kwa *a* mbele yake kitenzi kizima hakina tatizo lolote: *¡A comer!*

Ni vipi ambavyo havifuati haya?

Kwenye *tú*, vinane vinavyotumika kila siku: *di* (decir), *haz* (hacer), *ve* (ir), *pon* (poner), *sal* (salir), *sé* (ser), *ten* (tener), *ven* (venir). Ni "njoo", "nenda" na "lete" zao, na hukaririwa tu. Vikipata kiwakilishi kimoja havihitaji alama, *dime, hazlo, ponte*. Vikipata viwili vinaihitaji, *dímelo*.

Vile vinavyobadilisha irabu ya ndani, kama *cerrar* → *cierra*, *volver* → *vuelve*, *pedir* → *pide*, hupokea viishio vilevile vya jedwali la juu. Kwa *vosotros* na *vos* vinarudi kuwa vya kawaida kabisa: *cerrad, volved, pedid, cerrá, volvé, pedí*.